Viatu vya Hospitali

Mimi sikujitolea. Nilitolewa.

Wifi yangu, dada wa mume wangu, ni muuguzi na ni mtu wa kanisa kuanzia unywele hadi ukucha. Jumapili moja baada ya ibada alisimama mbele ya kamati akatangaza kwamba familia yetu itatoa watu wawili kwenye safari ya matibabu ya mlimani, yeye na mimi. Kisha akaja kunipa habari nikiwa jikoni, nina unga mpaka kwenye viwiko. Nikamuuliza mbona hakuniuliza kwanza.

"Ningekuuliza ungekataa, wifi," akasema, akachukua kipande cha andazi.

Hilo lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniudhi zaidi.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu. Nina karakana mjini nyuma ya kituo cha mafuta, na humo ndani kuna mifuko ya plasta, misumeno, mabomba ya alumini na nyayo za mpira zilizopangwa rafuni kushoto na kulia. Nimeifanya kazi hii kwa muda mrefu kiasi kwamba nikikutana na mtu barabarani namtazama kwanza anavyotembea, uso unafuata baadaye. Mume wangu huwaambia watu kuwa nilimpendea magoti. Sijawahi kubisha.

Watu tuliokuwa tunawaendea walikuwapo kwenye mlima ule kabla ya sisi wengine wote kufika, na kila aliyefika baadaye aliwasogeza juu kidogo, mpaka wakabaki na miteremko ambayo hata mbuzi huishuka kwa adabu. Chini kabisa kuna mji mdogo. Katikati, pale barabara ya gari inapoishia, kanisa lilijenga ukumbi wa mabati wenye sakafu ya saruji, na hapo ndipo tulipofungua kliniki yetu kwa wiki moja. Daktari alikaa kwenye ofisi ya mchungaji, wifi akakaa kwenye meza ya mlangoni, mimi nikapewa stoo ya viti.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ujinga wangu wote wa mjini. Nilidhani hatutaelewana lugha, kwa hiyo nilichora picha za kuwaonyesha: mtu anakaa, mtu anafungwa plasta, mtu anasimama. Mgonjwa wangu wa kwanza alizitazama picha moja baada ya nyingine kwa utulivu, halafu akaniuliza, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, kama ni wanangu waliochora. Nikazikunja nikazitia chini ya mfuko wa plasta.

Mgonjwa huyo ndiye Shangazi. Kila mtu alimwita hivyo, hata vikongwe waliomzidi umri. Alikuwa mama wa makamo, mwembamba, mwenye mabega mapana ya mtu aliyetembelea magongo siku nyingi. Mguu wake wa kushoto uliishia chini kidogo ya goti. Gari la mbao lilimbana kwenye kona mwaka juzi, na kilichobaki madaktari walikikata. Alikaa kwenye kiti, akapandisha gauni bila haya, akaniambia, "Fundi, sitaki mguu wa kupendeza. Nataka mguu wa kupanda."

"Kupanda wapi?"

Akanyoosha kidole kupitia dirishani. Juu kabisa, pale ambapo mlima ulionekana kama umechoka kuwa mlima, kulikuwa na paa dogo la nyumba.

Alinieleza huku nikimpima. Ana mtoto mmoja wa kiume, fundi mwashi kule mjini chini. "Si mtoto mbaya," akasema. "Ananipenda mpaka ananikera." Tangu ajali, majirani walikuwa wakimpandisha na kumshusha kwa kiti kama mzigo wa mahindi, na kijana wake alikuwa halali kwa mawazo. Amempangia chumba karibu na chake. Mama na mwana wamebishana mpaka wakafika mahali pa kukubaliana: mguu ukija, na Shangazi akapanda mwenyewe hadi nyumbani kwake kwa fimbo moja, bila mkono wa mtu, kijana atanyamaza. Akishindwa, Jumamosi anahamia mjini.

"Nikakae nitazame ukuta," akasema.

"Chumba cha mjini si kibaya, Shangazi. Kuna maji, kuna taa."

"Mwanangu, nyumba yangu ni ya mwisho kule juu. Ile iliyokuwa jirani yangu ilikaa bila mtu msimu mmoja tu. Wakaja watu na kamba, wakaanza kupima. Sasa ni shamba la mtu ambaye hata hatumjui sura. Pale ninapowasha moto ndipo wenye kamba wanapogeuka kurudi."

Nikamuuliza akifika juu kwa mguu wake mpya atafanya nini kwanza. Akaniangalia kama niliyeuliza maji yana rangi gani. "Nitawasha moto," akasema.

Sasa nieleze jambo la kiatu, maana bila hilo habari hii haiendi. Fundi wa miguu hatengenezi mguu peke yake, anatengeneza mguu na kiatu. Kiatu chenye kisigino humwinua mtu nyuma na kumsukuma mbele, kwa hiyo skrubu za kifundo zinakazwa ili bomba lisimame wima juu ya kiatu kile kile. Ndiyo maana kila mgonjwa namwomba anipe viatu vyake. Shangazi alikuwa amevaa kiatu kimoja cheupe, chenye kisigino kifupi, na mkanda wake ulikuwa umekatika ukafungwa kwa uzi wa buluu. Kile cha pili alikitoa kwenye mfuko, kimefungwa kwenye gazeti.

Moyo wangu si mlaini, lakini hapo uliyeyuka. Mwanamke amekitunza kiatu cha mguu ambao haupo tena! Nikamwambia, "Umekitunza vizuri, Shangazi. Hiyo ndiyo imani." Nikawaita mpaka wifi na mchungaji waje kukiona. Shangazi aliinamisha kichwa. Nikadhani ni unyenyekevu.

Plasta ilikauka, nikamimina umbo la kigutu, nikavuta plastiki ya moto juu yake, nikapata kikombe cha kukalia kigutu. Nikafunga bomba, nikafunga unyayo, nikaweka kiatu. Jumatano alisimama kwenye sakafu ya ukumbi, akashika ukuta, akauachia, akatembea. Alitembea kwa namna ambayo ungepishana naye sokoni usigeuke. Watu waliokuwa kwenye mabenchi walipiga makofi. Mchungaji alipiga picha. Mimi nilijifanya natafuta spana sakafuni, maana machozi yangu huwa hayana simile yakianza.

Alhamisi asubuhi akarudi kwa magongo, mguu kaubeba begani kama jembe.

"Fundi, mguu wako unanisukuma nyuma."

"Unakusukuma vipi?"

"Nikipanda unanirudisha. Jana nimekaa chini mara kadhaa kabla sijafika hata kwenye miti. Mwanangu alikuwa nyuma yangu, ameona kila kitu."

Nikaingiwa na wasiwasi, nikakagua kikombe, bomba, skrubu. Nikamwambia avae. Akakitoa kiatu cha pili kwenye gazeti, tukauvisha mguu, akatembea ukumbini kuanzia mlango mpaka madhabahuni na kurudi. Safi kabisa. Nikamtembeza tena. Safi. Nikapima kwa kamba yenye risasi ya uzito, bomba wima kama mlingoti wa bendera.

Nina hasira za karibu, simfichi mtu. Mguu wangu ulikuwa mzuri, nimeutengeneza kwenye stoo yenye viti vilivyovunjika, na huyu ananiambia unamsukuma. Nikasema, "Shangazi, mguu hauna kosa. Ni woga ndio unaokusukuma."

Nilingoja anitukane na hakunitukana. Akakichomoa kiatu kwenye mguu wa bandia, akakifunga tena kwenye gazeti lake, akauweka mguu begani na kuondoka na magongo yake. Nilimsikia akishuka ngazi za mlangoni, moja moja.

Mchana nilikula bila hamu. Wifi naye alikuwa na lake. "Wifi, hawa watu wana ugonjwa wa visigino," akasema. "Kila anayeingia ana malengelenge, vijana kwa wazee. Nimewapaka dawa ya fangasi tangu Jumatatu, tyubu zinakaribia kuisha. Daktari anasema huenda ni udongo wa huku."

"Labda ni woga," nikasema.

"Umeamkia upande gani leo?" akauliza, nikamwambia anipishe nirudi kazini.

Ijumaa asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni nakunywa chai, nikijiambia kwamba nimefanya yangu na sidaiwi kitu, alipoingia mama mmoja kijana na mtoto wa kupimwa uzito. Alikuwa anatembea kama mtu anayepita juu ya mayai. Mimi, kama kawaida yangu, nikaangalia chini kabla ya kuangalia uso. Viatu vyeupe. Kisigino kifupi. Mkanda umefungwa kwa uzi wa buluu.

Nikaweka chai chini.

Nikatazama benchi lote, nikianzia chini. Bibi kizee alikuwa ndani ya buti za mwanaume, zimemfika karibu na magoti. Mzee mwenye kikohozi alikuwa amevaa raba zilizokatwa mbele ili vidole vipate pa kupumulia. Msichana alikuwa amevaa kiatu cha kulia kwenye miguu yote miwili. Na raba zile za kukatwa nilizijua: Jumanne zilikuwa kwa mwanaume mwingine, na nilimtengenezea mguu wake kwa kuzifuata.

Mama mwenye mtoto alipomaliza, nilimfuata. Alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka tangi la maji, na huko nyuma ya tangi kulikuwa na nusu ya watu wa mlimani wamekaa kwenye nyasi, miguu mitupu, wakingoja zamu. Alivua vile vyeupe, akampa mwingine, akashusha pumzi kama aliyetua ndoo. Visigino vyake vilikuwa vyekundu.

Shangazi alikuwa miongoni mwao, ameegemea tangi, mguu wangu uko kando yake kwenye nyasi. Aliponiona hakushtuka. "Basi umeona," akasema.

"Hivi viatu ni vya nani?"

"Vya hospitali."

Akanieleza, na wengine wakawa wanaongezea pale aliposahau. Zamani kidogo walishuka hospitali ya mjini na mtoto wa jirani, homa imempanda, na mlinzi wa getini akawarudisha kwa kuwa hawakuwa na viatu. Alisema sakafu imepigwa deki. Mtoto alipona, lakini maneno yale hayakupona. Wakachangishana, wengine wakaokota, wengine wakapewa, wakapata jozi kadhaa. Zinakaa kwenye nyumba moja. Anayekwenda hospitali anavaa, anayekwenda kortini anavaa, anayekwenda kumwandikisha mtoto shule anavaa. Akirudi anazipangusa na kuzirudisha.

"Ninyi mnavaa makoti meupe mkiingia kazini," akasema mzee mmoja. "Sisi tunavaa viatu tukiingia kwenu."

"Sasa ukifika nyumbani, Shangazi, unavaa nini?"

"Navaa mguu," akasema, na watu wote nyuma ya tangi wakacheka.

Basi ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa akinionyesha mguu ukiwa na kisigino, anaondoka, anakirudisha kiatu kwa wenye zamu, na kule mlimani anapanda peku. Bila kisigino unyayo unashuka nyuma, bomba zima linalala, goti linasukumwa. Mimi mwenyewe, kwa spana yangu, nilikuwa nimemtengenezea mguu wa kurudi nyuma. Nikamwambia asiyekosea ana woga.

"Mbona hukuniambia jana?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa ndogo kuliko nilivyotaka.

"Ningekuambia nini, mwanangu? Ulikisifia kile kiatu. Ukasema nimekitunza. Ukawaita na wenzako waje kuangalia imani yangu." Alichuma jani akalikunja. "Nikaona aibu kukuambia kwamba si changu."

Niliona aibu mpaka masikioni. Halafu nikamkumbuka wifi na tyubu zake za dawa ya fangasi, kicheko kikanitoka bila ruhusa. Nikakaa pale kwenye nyasi nikavua viatu. Sijui kwa nini nilifanya hivyo kwanza kabla ya kuomba radhi. Nadhani niliona kuomba radhi nikiwa nimevaa viatu kusingetosha.

Shangazi aliitazama miguu yangu, vidole vyangu vilivyopandana kwa miaka ya viatu vya kubana. "Maskini," akasema kwa huruma ya kweli. "Imekuwa tangawizi."

Nikaingia ukumbini peku hivyo hivyo, nikamwinamia wifi sikioni nikamwambia. Tangu niolewe katika familia ile sikuwa nimewahi kumwona amekosa la kusema. Alitazama foleni, akatazama visigino, akatazama tyubu yake. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Fangasi!" akawa anasema. "Nimetibu buti za watu wiki nzima!" Daktari akatoka kuuliza kuna nini, akaambiwa, akafikiri kidogo, akakaa kwenye benchi na kufungua kamba za viatu vyake. Soksi moja ilikuwa na tundu. Mchungaji akatoka nje akatangaza kwamba kuanzia sasa viatu vinabaki mlangoni, na vya kwanza viwe vya wageni.

Walisita. Watu hawaachi jambo la miaka kwa tangazo moja. Ila yule bibi kizee wa buti alizivua mara moja, akazitupa kando, akasema zilikuwa zinamla.

Mimi nikarudi stooni na Shangazi. Safari hii sikumsimamisha kwenye saruji. Nilimtoa nje, kwenye mteremko wa nyuma ya ukumbi, penye mawe na nyasi, nikapiga magoti kwenye tope na spana yangu ya skrubu. Nikalilaza bomba mbele kidogo. Akapanda hatua moja. "Bado unanikataza," akasema. Nikalilaza tena. Akapanda mbili, goti likacheza. Nikarudisha kidogo. Ule unyayo wa mpira nao ulikuwa umeshaanza kulika kwa kukosa kiatu, nikajua hautamaliza msimu. Nikamwendea dereva wetu, nikamwomba tairi la akiba.

"Lile lililochakaa," nikasema. "Silihitaji lote."

"Fundi, hilo ndilo linalotupeleka nyumbani likipasuka jingine."

"Basi omba lisipasuke. Si tuko safari ya kanisa?"

Alilalamika mpaka nilipomaliza kukata, lakini ni yeye aliyelishikilia nikikata. Nikagandisha kipande cha tairi chini ya unyayo, kashata zake zikitazama chini zishike udongo. Hapo mguu ukawa mrefu kwa unene wa tairi, nikakata bomba ulingane na mwenzake. Nikamwambia Shangazi achuchumae, akachuchumaa. Ainuke, akainuka. Apande mpaka kwenye jiwe kubwa na kurudi.

Alipanda polepole, fimbo mkono wa kulia, ulimi kaung'ata pembeni ya mdomo. Kwenye jiwe aligeuka akanitazama huko chini nilipo, tope mpaka mapajani.

"Sasa huu ni mguu," akasema.

Siku iliyobaki niliwaita wote niliowapa miguu wiki ile, mmoja mmoja, wakiwa peku, na kila mmoja nikamnyoosha upya. Yule wa raba alikiri kwamba alikuwa ameshaufungia mguu wake uvunguni, akaona haya kunirudishia. Tairi la dereva lilibaki mifupa.

Jumamosi tukawa tunapakia vitu vyetu. Pikapu ya kukodi ilikuwa imefika tangu usiku, na kando yake alisimama kijana wa Shangazi, mtu mrefu, mkimya, saruji imemkauka kwenye kucha. Nyuma ya pikapu kulikuwa na godoro, sufuria na mabegi mawili. Alikuwa ameshapanda alfajiri akashusha vitu vya mama yake.

Ilinichoma. Nikafungua mdomo, wifi akanivuta gauni.

Shangazi akatokea kwa jirani alikolala, akaliona godoro. Aliuliza tu, "Umeacha kiberiti?"

"Nimeacha, mama. Na kuni ziko pale pale."

"Vizuri." Akachukua fimbo yake. Nikasogea kumfuata, akaninyooshea kiganja. "Kaa hapo, fundi. Ukinishika hata ukosi, huyu atasema nilishikwa."

Akaanza kupanda. Tulimwona akipita nyuma ya tangi, akipita jiwe la jana, akiingia kwenye njia nyembamba. Mara moja alisimama, fimbo ikatafuta mahali, nami nikahisi skrubu zote kwenye meno yangu. Akaendelea. Kisha miti ikamficha.

Tukakaa kungoja. Kijana alikaa kwenye bampa, mgongo ameupa mlima. Hakuweza kutazama. Baada ya muda alisema, bila kugeuka, "Dada, mimi si mtu mbaya."

"Najua."

"Msimu wa mvua nilimkuta njiani ameanguka. Alikuwa amelala kwenye matope tangu asubuhi na hakuita mtu. Nilipomuuliza kwa nini hakuita, akasema hakutaka nisikie." Alikuwa akikwangua saruji kwenye kucha. "Nikilala naona lile tope. Kila siku."

Nilikaa karibu naye kwenye bampa, ndicho nilichoweza. Nilikuwa naogopa, na naliandika hilo kama lilivyo. Niliogopa skrubu, niliogopa gundi ya tairi, niliogopa kwamba nimemwongopea mtu kwa mara ya pili. Wifi alikuwa anaomba chinichini. Kwa mara ya kwanza sikumwambia apunguze sauti.

Ukungu ukashuka ukafunika paa. Dereva akaja kusema mvua inakuja, barabara ni udongo mtupu na hana tairi la akiba, wote tunajua lilikokwenda. Daktari akatazama saa. Mchungaji akasema tungoje kidogo. Tukangoja. Dereva akarudi akasema yale yale kwa maneno mengine.

Ukungu uliachia upande mmoja, na hapo, juu ya paa, nikaona. Kwanza nilidhani ni ukungu wenyewe. Lakini ulikuwa unapanda, mzito, wa kijivu, umesimama juu ya mlima kama nguzo.

"Geuka," nikamwambia kijana.

Alisimama, akageuka. Alitazama muda mrefu. Mabega yake yakaanza kutikisika, na nilifikiri analia mpaka niliposikia kicheko.

"Ameweka kuni mbichi," akasema.

"Za nini? Si ulisema umeacha kuni?"

"Kavu tupu, nimezipanga mwenyewe. Hizo mbichi ameenda kuzikata." Akajifuta macho kwa mkono wenye saruji. "Anataka tuone. Wote, mpaka wale wa chini wenye kamba."

Alifungua mlango wa nyuma wa pikapu, akavuta godoro, akaniomba nimsaidie kulifunga kamba ili litwikike. Nikafunga fundo langu la karakana, lile lisilofunguka. Akavua viatu vyake vya kazi, akaviweka kwenye ngazi ya ukumbi, akajitwika godoro na kuanza kupanda.

"Wifi, unalia?" wifi akaniuliza.

Nikamwambia ni moshi. Moshi wenyewe ulikuwa umbali wa mlima mzima kutoka tulipokuwa.

Kijana alipofika kwenye jiwe aligeuka, godoro likageuka naye, akauliza kwa sauti kama arudi kuchukua sufuria. Wifi alikuwa ameshazibeba mbili na anamfuata, miguu mitupu, akilalamikia mawe. Dereva alipiga honi. Ilibaki sufuria moja, ile kubwa, na mabegi. Nikavua viatu, nikajitwika sufuria, mabegi nikayatia mabegani, nikamwambia dereva azime gari.

Na hapo, ili ieleweke, hakuna aliyenitoa.